Reli Kuukuu Katika Yadi ya Mbao

Reli nyembamba za kuvutia magogo mara nyingi zilijengwa kwa vifaa ambavyo tayari vilikuwa vimefanya kazi pengine. Mwenye kiwanda cha mbao alijua kuwa msitu utakapokwisha reli itang'olewa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kununua chuma kipya. Alichukua reli zilizoondolewa kwenye njia kuu baada ya vichwa vyake kulika. Alinunua injini ya mvuke iliyochoka, na ilipokufa kabisa akalifungia boila lake kwenye mashine za kupasulia mbao. Huko Marekani hata malori na magari madogo yalivuliwa matairi, yakavishwa magurudumu ya chuma na kupelekwa msituni. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na reli nyembamba za misituni. Katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walijenga reli ya upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni, kwenye njia ya Tanga, hadi Sigi, ikakamilika mwaka 1910 na kushusha mbao kutoka milimani.

Kitengela na Kajiado, nchini Kenya, hazikuwahi kuwa na reli ya magogo. Zina vitu viwili ambavyo vikikutana vinafanya kazi ileile ya kutumia tena chuma kuukuu: yadi nyingi za mbao na mafundi wengi wa chuma. Njia ya reli yenyewe haiko mbali. Reli yenye upana wa mita moja inayotoka Konza, kupita Kajiado na Elangata Wuas hadi Magadi, ilijengwa miaka ya 1910 kwa ajili ya kusafirisha magadi, na ina urefu wa karibu kilomita 146. Reli kuu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Nairobi 1899, inapita Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela. Katika zaidi ya miaka mia moja njia hizi zimebadilishwa reli, mataruma na mabehewa mara nyingi, na baadhi ya chuma hicho kimeishia kwa wauzaji wa vyuma chakavu.

Mwenye yadi anayefikiria kununua chuma cha namna hiyo huanza na suala la uhalali, kabla hata ya kupima chuma chenyewe. Kipande cha reli kilicholala kando ya njia si mali iliyotupwa. Reli ya Magadi bado inapitisha treni, na mafundi wa njia huacha vipande vya akiba kando yake kwa ajili ya ukarabati. Biashara ya vyuma chakavu nchini Kenya inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua na anayemuuzia. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme mkubwa kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo yote, ikafunguliwa tena mwezi Mei chini ya masharti makali zaidi. Mali ya shirika la umma huuzwa kwa zabuni au mnada kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015. Kwa hiyo risiti ya muuzaji peke yake haitoshi. Mnunuzi aombe pia nakala ya hati ya mnada au zabuni ambayo chuma hicho kilitokea, aihifadhi, na akiikosa aache. Reli isiyo na karatasi huwa rahisi, na urahisi huo ndio dalili ya kwanza ya wizi.

Ikiwa kinachouzwa ni kitu kizima cha zamani, kama toroli ya ukaguzi, taa, bamba la jina au sehemu ya injini ya mvuke, ni busara kuuliza Makumbusho ya Reli ya Nairobi kabla ya kukikata. Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa 1971, ndiyo yanayohifadhi injini kama Mount Gelai ya aina ya Garratt. Chuma kikishakatwa hakirudi kuwa historia, na bei yake kwa kilo ni ndogo mno kulinganisha na hasara hiyo.

Karatasi zikiwa sawa, chuma kinaanza kusomwa. Kila reli ina sehemu tatu: kichwa ambacho gurudumu hupita juu yake, kiuno chembamba cha katikati, na kitako kipana kinachokaa juu ya taruma. Habari zake ziko kiunoni. Fundi akisugua kiuno kwa brashi ya waya kisha akapitisha chaki ubavuni, herufi zilizoinuka hujitokeza nyeupe juu ya kutu: jina la kiwanda kilichoitengeneza, uzito wake na mara nyingi mwaka. Reli za zamani za Uingereza huandikwa kwa ratili kwa kila yadi ya urefu. Reli ya Uganda, yaani ile njia kuu ya Mombasa, ilianza kwa chuma cha ratili 50, yaani karibu kilo 25 kwa mita, na baadaye njia kuu ikavishwa reli ya ratili 80, kama kilo 40 kwa mita. Reli za mashamba ya mkonge na machimbo zilikuwa nyepesi zaidi, mara nyingi kati ya kilo 6 na 15 kwa mita. Ukijua uzito wa mita moja, unajua utalipa kiasi gani, na pia unajua utahitaji watu wangapi. Kipande cha mita 5 cha reli ya ratili 50 kina uzito wa kilo 125, na hakibebwi na wawili.

Baada ya kusomwa hukaguliwa. Reli iliyotoka kwenye kona huwa imelika upande mmoja wa kichwa, na ukiiangalia kutoka nchani utaona bega limekatwa. Reli ya namna hiyo inaweza kugeuzwa ili upande mzima uangalie ndani, na wajenzi wa reli za msituni walifanya hivyo kila siku. Nyufa hutafutwa mahali pawili: kuzunguka matundu ya boliti na mpakani pa kichwa na kiuno. Mafuta ya taa yakipakwa na kufutwa, kisha unga wa chaki ukanyunyizwa, ufa hunyonya mafuta na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ncha zenye matundu yaliyopasuka hukatwa sentimita 40 hivi kutoka mwisho na kutupwa. Kutu ya juu juu haina madhara. Kutu inayong'oka kwa magamba chini ya kitako ni habari nyingine, hasa kwa chuma kilichotoka upande wa Magadi ambako chumvi ipo hewani na ardhini, na hapo unene wa kitako upimwe kwa kalipa kabla ya kukubali bei.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea uamuzi. Reli ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi kuliko engo au chaneli ya dukani. Ugumu huo unafaa kwa kubeba magurudumu na kustahimili kugongwa, lakini ni adui wa kuchomelea. Fundi wa jua kali akiichomelea kwa rodi ya kawaida kama anavyochomelea geti, mahali palipoyeyuka hupoa haraka, hukakamaa na kupasuka kando ya mshono, pengine baada ya miezi, pengine siku ya mzigo wa kwanza mzito. Ikilazimu kuchomelewa, reli hupashwa moto kwanza hadi nyuzi 250 au 300 za Selsiasi, rodi zinazotumika ziwe za haidrojeni kidogo na zikaushwe vizuri, na mshono ufunikwe kwa majivu au mchanga mkavu upoe polepole. Kwa yadi ya kawaida ni afadhali kutochomelea kabisa. Matundu yatobolewe kwa drili, kamwe yasitobolewe kwa gesi, kwa kuwa tundu la moto huacha nyufa ndogo pembeni mwake. Viungo vifungwe kwa vipande viwili vya chuma kiunoni na boliti nne.

Kwa sababu hiyo, kazi bora ya reli kuukuu ni ile inayokaribiana na kazi yake ya kwanza. Kuigeuza mlango, meza au pambo la hoteli kunawezekana, lakini engo mpya ingefanya kazi hiyo kwa uzito wa robo tu na kwa fundi yeyote. Reli hulipa pale inapobeba gurudumu la chuma, na katika yadi ya mbao mahali hapo ni njia fupi kutoka lori linaposhushia magogo hadi kwenye msumeno.

Hesabu yake si ngumu. Gogo bichi la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa nusu mita ya ujazo, na uzito wake hukaribia kilo 500. (Mkaratusi uliingizwa Kenya mwaka 1902 ili utoe kuni za injini za reli; leo reli ingekuwa inaubeba badala ya kuuchoma.) Magogo mawili na toroli ya kilo 200 ni kilo 1,200, yaani kilo 300 kwa kila gurudumu kati ya manne. Wajenzi wa reli nyepesi walikuwa na kanuni ya zamani: kila kilo 5 za uzito wa reli kwa mita hubeba tani moja kwa gurudumu, mradi mataruma yawe kila sentimita 65 au pungufu. Kwa kanuni hiyo hata reli nyepesi kabisa ingetosha. Lakini magogo hayawekwi kwa upole, hudondoshwa, na kishindo cha gogo huzidisha mzigo mara kadhaa. Reli ya kilo 10 hadi 15 kwa mita inafaa. Ya kilo 25 inafaa pia, ila inagharimu nguvu za kuibeba bila faida ya ziada.

Upana wa njia wa milimita 600 unatosha kwa magogo mafupi, na 750 ni imara zaidi kwa magogo marefu yanayoyumba. Upana hupimwa kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine, si kutoka katikati hadi katikati. Kosa la hapa hugunduliwa toroli inapokataa kuingia. Njia nyoofu inaweza kuzidi kipimo kwa milimita 5 bila matatizo. Kwenye kona huongezwa kidogo, na mwenye yadi ndogo aepuke kona kabisa ikiwezekana.

Kinachoamua uhai wa njia Kitengela ni ardhi kuliko chuma. Udongo mweusi wa eneo hilo huvimba ukipata maji ya masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, na kuta za nyumba nyingi za hapo zinaonyesha matokeo yake. Reli iliyolazwa moja kwa moja juu yake itakuwa imepinda kabla ya mwaka kwisha. Kuchimba udongo wote hadi mwamba ni gharama ya nyumba, si ya njia ya toroli. Njia ya kati ni kuchimba mtaro wa upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 30 hadi 40, kujaza sentimita 15 za maramu iliyoshindiliwa ikiwa na unyevu, kisha kokoto sentimita 15 chini ya mataruma na nyingine kati yake. Muhimu kuliko yote ni maji. Mifereji iwe pande zote mbili, ipeleke maji mbali na njia, na mifereji ya paa la kibanda cha msumeno isimwage karibu. Udongo mweusi usiobadilika unyevu hausumbui sana. Kajiado mjini na sehemu nyingi kuelekea Bisil, ardhi ni ya mawe na udongo mwekundu, na huko kazi hupungua nusu.

Hata kwa maandalizi hayo njia itasogea, kwa hiyo ijengwe kwa namna inayokubali kusawazishwa upya. Kampuni ya Decauville ya Ufaransa ilijitajirisha kwa wazo hili katika karne ya 19. Iliuza reli zilizokwisha kufungwa kwenye mataruma ya chuma kama ngazi, tayari kulazwa na kuhamishwa. Fundi wa Kitengela anaweza kutengeneza ngazi zake. Reli mbili za mita 3 za kilo 10 kwa mita zina uzito wa kilo 60, na mataruma matano ya chaneli yenye kilo 8 kila moja yanaongeza 40. Ngazi ya kilo 100 hubebwa na watu wanne, ikainuliwa, kokoto zikaongezwa chini, ikarudishwa. Mataruma ya chuma ya reli ya mita, yale yaliyokunjwa kama hori lililopinduliwa, yanafaa pia yakikatwa, ingawa matundu yake yatahitaji kutobolewa upya kwa upana mpya. Kati ya ncha na ncha liachwe pengo dogo. Reli ndefu ya mita 9 hurefuka milimita 4 au zaidi jua linapoitoa kwenye ubaridi wa alfajiri na kuifikisha kwenye joto la saa nane mchana.

Mataruma ya mbao yana tahadhari yake. Kwenye njia kuu hutumika hasa madarajani na kwenye makutano ya reli, na huwa yamelowekwa kwenye kreosoti, mafuta meusi ya makaa ya mawe yanayoua wadudu na kuvu. Kreosoti hiyo haitoki na umri. Siku ya joto bado huchuruzika. Chini ya reli ya yadi hayana shida. Lakini yasitumike kujengea hori la ng'ombe, ukingo wa bustani ya mboga, meza ya chakula wala benchi la watoto, na yasikatwe kwa msumeno bila barakoa na glavu. La hatari zaidi ni kuyachoma. Vipande vyake hushika moto haraka na kwa hiyo huvutia wauza nyama choma, lakini moshi wake una kemikali zinazosababisha saratani, nazo hukaa kwenye nyama.

Magurudumu ya mabehewa ya reli ya mita hayafai kwa toroli ya yadi. Jozi moja na ekseli yake huweza kufikia uzito wa kilo mia kadhaa, na upana wake hauwezi kubadilishwa bila mashine ya kusukuma magurudumu kwenye ekseli. Kuyakata na kuyachomelea upya kwenye ekseli fupi ni kutengeneza ajali. Magurudumu madogo ya machimbo au ya mashamba ya mkonge, ya kipenyo cha sentimita 25 hadi 35, ndiyo yanayotafutwa. Yakipatikana, kila moja lining'inizwe kwa kamba na kugongwa kwa nyundo ndogo, njia ambayo wakaguzi wa treni waliitumia kwa vizazi: gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu. Ukingo wa gurudumu uliolika ukawa mkali kama kisu hupanda juu ya reli, na gurudumu hilo lipelekwe kwa fundi wa lathi likachongwe upya au likataliwe. Beringi mpya zilizofungwa hugharimu fedha lakini hulipa haraka. Kwenye njia nyoofu na tambarare toroli ya kilo 1,200 yenye beringi nzuri husukumwa kwa nguvu ya kilo 12 hivi. Yenye bushi kavu huhitaji mara mbili au zaidi.

Urahisi huo wa kusukuma una upande wake wa pili. Mteremko wa mita moja kwa kila mita 50, ambao jicho halitauona, unatosha kuiondoa toroli hiyo yenyewe. Njia ipimwe kwa pima maji na uzi, iwe sawa kabisa au ielekee kidogo upande wa kupakia, ili toroli ikikimbia isikimbilie msumeno. Breki ya mkono ya kibao kinachobana gurudumu ni lazima. Mwisho wa njia ufungwe kwa kizuizi cha reli iliyokunjwa au gogo lililofungwa boliti kwenye mataruma mawili, na si jiwe.

Toroli ya kuleta magogo isichanganywe na gari la msumeno, lile linaloshikilia gogo linapopasuliwa. La kwanza linavumilia reli iliyochakaa. La pili halivumilii, kwa kuwa kila mnyumbuko wa njia huonekana kwenye unene wa mbao, na mteja huuona. Gari la msumeno hutembea vizuri zaidi juu ya engo mpya iliyopinduliwa mgongo juu upande mmoja, na bamba bapa upande wa pili, magurudumu ya upande wa kwanza yakiwa na mfuo. Engo hulilazimisha gari lifuate mstari mmoja, na bamba hulibeba tu bila kulivuta.

Chuma kinachobaki baada ya njia kukamilika kina matumizi mengine ya maana katika Kaunti ya Kajiado, ya wafugaji. Vipande vya mita 2 hadi 2.5, vikizikwa theluthi yake kwenye zege, ni nguzo za zizi la chanjo zisizotikiswa na fahali wala kuliwa na mchwa. Kipande cha sentimita 30 hadi 50, kikisimamishwa juu ya gogo gumu, ni fuawe nzuri kwa mhunzi. Fremu za mabehewa ya bapa zimetumika Marekani kama madaraja ya mashambani, na zingefaa makorongo ya Kajiado, lakini kingo za daraja na urefu wa kuvuka ni kazi ya mhandisi. Reli ikitumika kama boriti, urefu ukiongezeka mara mbili, kunepa kwake chini ya mzigo uleule wa katikati huongezeka mara nane, na hilo halikadiriwi kwa macho.

Njia ikishaanza kazi, inahitaji mtu mmoja mwenye dhamana nayo. Kila wiki azungukie boliti kwa spana, aondoe maganda na pumba za mbao kati ya reli, maana zikilowa hushika maji na kuozesha kila kitu, na akague ukingo wa magurudumu. Grisi iwekwe kwenye beringi, wala isipakwe juu ya reli, kwa kuwa breki haishiki chuma chenye mafuta. Masika yakiisha, kwa kawaida Juni, njia nzima ipimwe upya kwa uzi, na ngazi zilizozama ziinuliwe na kujazwa kokoto kabla udongo haujakauka.